Hatuipimi Serikali kwa Moshi

Agosti 29, 2014, katika bahari iliyo mbele ya Mombasa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamia kulipuliwa kwa meli ya Amin Darya, iliyojulikana pia kama Al Noor, pamoja na heroini ya zaidi ya kilo 370 iliyonaswa ndani yake. Wananchi walionyeshwa moshi, na magazeti yakachapisha picha za moshi. Mabaharia wake walikuwa wangali mbele ya mahakama, kesi haijakwisha, na meli yenyewe ilikuwa kielelezo katika kesi hiyo. Twauliza swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza: meli imezama, na mwenye mzigo je?

Sisi tunaoandika katika kurasa hizi hatukani kwamba dawa za kulevya zinaua, wala kwamba ugaidi unaua. Tumezika. Tulizika zaidi ya watu mia mbili baada ya bomu la Agosti 7, 1998. Tulizika watu 67 wa Westgate mwaka 2013, na Aprili 2, 2015 tukapoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, wengi wao wakiwa wametengwa kwa sababu ya imani yao. Hakuna atakayetufundisha uchungu wa jambo hili. Lakini uchungu si hati ya kumruhusu mtawala afanye apendavyo. Serikali tunaipima kwa faili: nani ameshtakiwa, shahidi gani amelindwa, mgonjwa gani ametibiwa, mzazi gani ameambiwa ukweli kuhusu mwanawe.

Tuanze na unga. Sheria ya dawa za kulevya ilipitishwa mwaka 1994, na ndani yake mlanguzi aliahidiwa kifungo cha maisha na faini ya mamilioni. Kwa kuisoma tu, mtu angedhani kwamba hakuna atakayethubutu. Lakini keti asubuhi moja katika mahakama yoyote ya Pwani umtazame anayeletwa kizimbani: ni kijana aliyepatikana na kete mbili, hana viatu, hana wakili, anatetemeka kwa arosto. Desemba 2004 ilikamatwa zaidi ya tani moja ya kokeini katika Malindi na Nairobi. Mzigo huo ulichomwa Machi 2006 mbele ya wageni waalikwa. Desemba 2010 waziri wa usalama wa ndani alisimama Bungeni akataja majina ya wabunge waliokuwa wakichunguzwa kwa ulanguzi. Miezi michache baadaye polisi wakasema hawakupata ushahidi. Ama majina yale yalitajwa bila msingi, na hiyo ni dhuluma kwa waliotajwa, ama uchunguzi haukufanywa, na hiyo ni dhuluma kwa taifa zima. Hakuna aliyetwambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Kisha tukaja kwa ndugu wawili wa ukoo wa Akasha. Walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wiki chache tu baada ya ule moshi wa Al Noor. Marekani iliwataka. Kesi ya kuwapeleka huko ilivutwa huku na huko kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Januari 2017 walipochukuliwa na kusafirishwa. Oktoba 2018 walikiri makosa mjini New York. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Yaliyotufedhehesha ni yale waliyokiri: kwamba walihonga maafisa wa Kenya, polisi, waendesha mashtaka na majaji, ili wasipelekwe. Jambo hili lilisemwa na kuandikwa katika mahakama ya nchi nyingine. Ni nani katika waliopokea hongo hiyo aliyesimamishwa mbele ya hakimu wa Kenya? Kama serikali inajua, iseme. Kama haijui, mahakama ya New York ina kumbukumbu zake, na posta ingali inafanya kazi.

Wakati huo huo, mgonjwa aliachwa barabarani. Mwishoni mwa mwaka 2010 unga ulipoadimika ghafula Pwani, watumiaji waliangukia vibarazani na katika hospitali ambazo hazikuwa na dawa ya kuwapa. Matibabu ya methadoni yalianza katika hospitali ya Mathari Desemba 2014, kisha yakafika Malindi na Mombasa mwaka uliofuata. Ilichukua miaka minne, na muda huo wote kazi ya kuwafuata wagonjwa hao maskani ilifanywa zaidi na mashirika ya wananchi na ya dini, ya Waislamu hasa, ambao twapaswa kuwashukuru hadharani. Methadoni ni jambo jema ambalo serikali ilifanya, nasi twalitaja kwa sababu ni kweli. Anayekunywa kikombe chake cha dawa kila asubuhi haibi simu ya mtu kutafuta kete, wala hachangii sindano na mwenzake. Hakuna rais aliyepigwa picha akizindua kikombe hicho kwa mbwembwe zilizozindua mlipuko.

Kuhusu pombe ya sumu tutasema neno moja tu. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe ambayo, kwa maelezo ya serikali yenyewe, ilikuwa imenaswa na kuwekwa katika kituo cha polisi kama kielelezo. Iliibwa kituoni ikauzwa. Mwezi uliofuata tukatangaziwa masharti mapya makali juu ya wenye baa.

Mkono huo huo ndio uliotumwa kupambana na itikadi kali. Februari 2, 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Mombasa, wakakamata watu 129, baadhi yao watoto. Wengi waliachiliwa baadaye kwa kukosa ushahidi. Kijana mmoja aliyepigwa picha siku hiyo akiwa mikononi mwa polisi hakuonekana tena na jamaa zake. Aprili mwaka huo ilikuja operesheni ya Usalama Watch: maelfu ya watu, Wasomali zaidi ya wote, walitolewa nyumbani mwao Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, chombo cha serikali hii hii, ililaani namna operesheni hiyo ilivyoendeshwa. Wakimbizi na raia walieleza jinsi walivyolipa ili waachiliwe. Basi aliye na fedha alikwenda zake, gaidi au si gaidi, na maskini akabaki Kasarani. Je, huko ndiko kulinda nchi?

Na wahubiri waliouawa? Aboud Rogo alipigwa risasi Agosti 2012 akiwa ndani ya gari pamoja na familia yake, hali ana kesi mahakamani. Sheikh Ibrahim Omar aliuawa Oktoba 2013, na Abubakar Shariff, aliyeitwa Makaburi, Aprili 2014. Hatukubaliani na mafundisho ya Rogo. Alihubiri chuki, na chuki hiyo ilituelekea sisi. Lakini mtu mwenye kesi huhukumiwa na hakimu. Alipouawa, wafuasi wake walipata shahidi wa kumwimbia, na mashtaka dhidi yake yakafa pamoja naye, ushahidi usisikike kamwe. Nani alilipa? Sheikh Ibrahim alipouawa, kesho yake kanisa la Jeshi la Wokovu huko Majengo lilichomwa. Waumini wanaosema kwamba mambo ya misikitini hayatuhusu wakumbuke majivu yale.

Kuna wanaotwambia kwamba mbinu hizi zimefaulu, kwa kuwa mashambulizi katika miji mikubwa yamepungua tangu lile la Dusit, Januari 2019, lililoua watu 21. Twakubali kwamba vikosi vilifika Dusit upesi kuliko vilivyofika Garissa, na ni haki kulisema. Twakubali pia kwamba watu watatu walihukumiwa mwaka 2019 kwa shambulio la Garissa, na wawili mwaka 2020 kwa lile la Westgate. Angalieni vizuri: hayo ndiyo yaliyofanywa kwa faili, kwa mashahidi na kwa hakimu. Yametuthibitishia kwamba inawezekana.

Sisi wa mageuzi tuna sababu nyingine ya kulitazama neno gaidi kwa makini. Tulilijua kabla halijapata jina hilo. Mwaka 1986 liliitwa Mwakenya, na vijana wakateremshwa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo. Mwaka 1990 waliotaka vyama vingi walikuwa wachochezi, na wengine wakawekwa kizuizini. Machi 5, 2009 msemaji wa serikali alilihusisha shirika la Oscar Kamau King'ara na Mungiki. Jioni hiyo hiyo King'ara na mwenzake John Paul Oulu wakapigwa risasi ndani ya gari lao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Walikuwa wakikusanya habari za mauaji yaliyofanywa na polisi. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, MUHURI na Haki Africa yalitiwa katika orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi na akaunti zao kufungwa, hata Mahakama Kuu ikaamua kinyume. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, waziri wa usalama alisema huo ulikuwa ugaidi uliovikwa vazi la upinzani, na vijana wakapelekwa katika mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Boniface Mwangi alikamatwa Julai 19, 2025, polisi wakidai ni kwa kuwezesha ugaidi. Jumatatu alipofikishwa mahakamani, shtaka hilo halikuwamo.

Sasa tulete Shakahola, maana hapo mizani yote huanguka.

Itikadi kali iliyoua Wakenya wengi kuliko Westgate na Garissa zikiunganishwa haikutoka Somalia. Ilitoka Malindi, katika kanisa, kwa Biblia kama yetu, kupitia televisheni. Paul Mackenzie alikamatwa mwaka 2017 na watoto kuondolewa kanisani mwake, kwa kuwa alikuwa akifundisha kwamba shule ni uovu. Akakamatwa tena mwaka 2019. Akafunga kanisa, akaingia msituni na watu wake. Jamaa zao walikwenda polisi, wakaandikisha ripoti, wakarudi nyumbani. Machi 2023 alikamatwa kwa vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi mmoja baadaye makaburi yalianza kufukuliwa, na miili ikapita mia nne. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwamo, kwa kunyongwa au kupigwa. Mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji, kuua bila kukusudia na ugaidi. Waliyakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama, si yetu. Yaliyo yetu kusema ni haya: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na kamati ya Seneti zote zilieleza jinsi vyombo vya usalama vya eneo hilo vilivyozembea. Serikali iliyoweza kujaza uwanja wa Kasarani kwa siku chache haikuweza kumsikiliza mama mmoja wa Kilifi aliyesema mwanangu ameingia msituni na wanangu wadogo. Na Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu makaburi yafukuliwe, ndipo familia za kwanza zilipopewa miili zikazike.

Ndugu waumini, hapa hatuwezi kuinyoshea serikali kidole peke yake. Januari 2016 Mwanasheria Mkuu alipoleta kanuni za kusajili na kukagua mashirika ya dini, makanisa yetu yalisimama pamoja na Waislamu kuzipinga, na Rais akaziondoa. Tulikuwa na haki ya kukataa kwamba afisa wa serikali aamue nani ahubiri; tuliwaona askari wakiingia na virungu katika kanisa kuu la All Saints Julai 7, 1997, na hatujasahau. Lakini tulipozishinda kanuni zile tulirudi nyumbani tukalala. Hatukuweka kitu mahali pake. Mchungaji aliyehubiri upuuzi karibu nasi tulimwacha kwa kuwa si wa dhehebu letu. Hata katika habari ya unga tuna deni: ni mara ngapi mtu ambaye mtaa mzima unajua anauza nini ameketishwa kiti cha mbele siku ya harambee, kwa sababu amenunua mabati?

Twapendekeza, basi, kwamba kila parokia na kila kundi la kampeni hii lichague watu watatu wa kuhudhuria mahakama ya karibu mara moja kwa wiki, waandike ni nani analetwa kwa dawa za kulevya na nani kwa ugaidi, kesi imeahirishwa mara ngapi, na kielelezo kiko wapi. Maimamu waombwe washiriki. Halmashauri za makanisa zimwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kumwuliza kuhusu waliohongwa na Akasha, na barua isainiwe na maaskofu wenyewe. Wawakilishi wa Kilifi waombe vitabu vya matukio vya vituo vya polisi vilivyo karibu na Shakahola, kuanzia mwaka 2019 hadi Aprili 2023, viwekwe wazi mbele ya familia, ili kila aliyekwenda kuripoti aone kama jina lake liliandikwa, na ni afisa yupi aliyefunga ukurasa huo.