Kuona Mbele si Kupiga Ramli

Neno "maono" huwatia wasiwasi wengi wetu Waislamu wa pwani. Mtu akisema ana maono, twamdhania mpiga ramli. Twafanya vyema kujihadhari, kwani elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini naonelea kwamba katika kuikimbia ramli tumeikimbia na busara pia.

Nimesoma habari za Druidi wa siku hizi, watu wanaotaka kufufua dini ya kale ya Ulaya. Jumuiya yao moja, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1983 na Isaac Bonewits, huhesabu fadhila tisa za mtu, na maono ni mojawapo. Hawakusudii utabiri, bali mtu aipime jana, leo na kesho kwa pamoja, aijue nafasi yake ulimwenguni. Dini yao si yangu, wala simwaliki mtu huko. Ila wamenitia swali: je, kuona mbele ni karama ya wachache, au ni tabia ipasayo kila mtu kujifunza?

Hapa Samburu jibu nimelipata kwa hasara. Marehemu baba alikataza kukata mikwaju na migunga iliyolizunguka lambo letu. Hakueleza sana, alisema tu kwamba miti ile ni ya wajukuu. Ulipotushika ukame ulioanza mwaka 2020, mifugo ikafa, nami nikaikata, nikachoma makaa na kuyauza kando ya barabara kuu ya Mombasa. Watoto walikula, sikatai. Lakini mvua iliporudi ilikokota udongo ukaingia lamboni, na sasa maji hukauka mapema. Baba, asiyejua kusoma, aliona. Mimi mwenye miwani sikuona.

Wazee wa kaya nao walikuwa na macho hayo. Kaya Kinondo kule Diani ni ya hekta 30 hivi tu, jirani na mahoteli ya ufuoni, na bado imesimama. Hiyo, pamoja na kaya za Waduruma za Gandini na Mtswakara, ni miongoni mwa kaya zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Matambiko yana hukumu yake, na masheikh wetu wameshayasemea. Lakini kumkataza mtu asikate mti si shirki. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye mche mkononi aupande, hata kama Kiama kimesimama. Yako maono gani kupita hayo?

Wengine wataniambia mwenye njaa haoni mbali. Ni kweli, nami ni shahidi. Ndiyo sababu yatupasa kuyazoeza macho wakati wa neema, kabla njaa haijabisha hodi. Anayengoja shida ndipo aanze kufikiri, shida humfikiria yeye kwanza.

Nimepanda mikwaju sita ukingoni mwa lambo. Hukua polepole, na huenda nisikae kivulini mwake. Wanangu nimewarudishia katazo la babu yao, na safari hii nimewaeleza na sababu.