Tamthilia Haiishi Kitabuni

Kila mwaka ninapokutana na wanafunzi wapya darasani, huwauliza swali moja: ni nani kati yao amewahi kuitazama ikiigizwa tamthilia teule aliyoisoma shuleni? Mikono inayoinuka huwa michache mno. Lakini niwaombapo wanitajie maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi, majibu humiminika kama mvua ya masika. Ni mithili ya mtu aliyehifadhi majina ya vyakula vyote vya karamu bila kuonja hata kimoja.

Simlaumu mwalimu. Muhula ni mfupi, darasa limefurika, na mtihani haungoji. Hata hivyo, tunawapokonya wanafunzi kitu cha thamani tunapowafunza tamthilia kana kwamba ni riwaya yenye mazungumzo mengi. Tamthilia huandikwa kwa ajili ya jukwaa fulani na hadhira fulani. Asiyezijua hizo mbili huyaelewa maandishi nusunusu.

Tuchukue Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili. Mbona Edipode hajitoboi macho mbele yetu, bali mjumbe ndiye anayetusimulia? Jibu limo katika desturi za Wagiriki wa karne ya 5 K.K. Kwa kawaida matendo ya kutisha yalifanyika mbali na macho ya watazamaji, nao wakayaona kwa masikio. Waigizaji walivaa vinyago mbele ya maelfu ya watu, hivyo sauti ikabeba mzigo mkubwa wa uchungu.

Huko Japani nako kuna noh, sanaa iliyokomazwa na Zeami kati ya karne ya 14 na ya 15. Humo pia mna kinyago, lakini mwigizaji akikiinamisha kidogo, uso huonekana kuhuzunika. Akikiinua, huonekana kuchangamka. Kifaa ni kimoja, matumizi ni tofauti. Mwanafunzi aliyelinganisha hivyo hatadhani tena kwamba drama ina chimbuko moja au kanuni moja.

Wala tusisahau nyumbani. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijenga ukumbi usio na paa na kuigiza Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Wakati wa mazoezi wanakijiji waliisahihisha lugha ya waandishi: mzee hasemi hivi, kijana hamjibu mkubwa wake vile. Kwangu mimi, mwanaisimu, hilo ni somo lisilo na kifani kuhusu lugha katika jamii.

Serikali iliyapiga marufuku maonyesho hayo Novemba mwaka huo, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Riwaya yake ya Petals of Blood, yenye ukosoaji mkali vilevile, ilikuwa imechapishwa mwaka uo huo wala haikupigwa marufuku. Tofauti hiyo inatufunza jambo ambalo mwongozo wa mtihani hauwezi kulifunza: maneno yakipata sauti, miili na umati, huwa na nguvu nyingine kabisa.

Sidai kumbi za kifahari. Ninachoomba ni dakika 20 kwa wiki. Madawati yasogezwe, wanafunzi wasimame na kuusema ukurasa mmoja kwa sauti, kisha mwalimu aulize: nani anatazamwa, nani anatazama, na ni nini kimefichwa? Juma lifuatalo, ukurasa utoke katika utamaduni mwingine, na maswali yawe yale yale.

Watakaopinga watasema kwamba mtihani hauulizi hayo. Naam, lakini aliyewahi kusimama mahali pa mhusika hahitaji kukaririshwa sifa zake.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Kabla ya kumtuza mtoto wetu, basi, tumpe kwanza nafasi ya kucheza.