Msimsifu Jeanne Mkamsahau Mfalme

Nimechoka kusikia eti Jeanne d'Arc aliwatia askari moyo, halafu hadithi inaishia hapo. Kwani yeye ni ngoma, ipigwe watu wapate ari kisha itundikwe ukutani?

Hebu tuhesabu. Binti wa mkulima wa Domrémy, Ufaransa, kusoma hajui, ana miaka kama 17. Mji wa Orléans umezingirwa na Waingereza tangu Oktoba 1428. Anafika Aprili 1429 na bendera yake, anasema ametumwa na Mungu. Mei 7 anapigwa mshale karibu na shingo. Siku hiyo hiyo anarudi vitani. Kesho yake Waingereza wanaondoka. Askari waliokuwa wamekata tamaa walimfuata kwa kuwa walimwona amesimama pale pale mishale inapoangukia.

Julai, Charles VII akavikwa taji kule Reims. Haya, mwaka uliofuata Jeanne akakamatwa, akauzwa kwa Waingereza. Mfalme aliyemtilia taji kichwani alitoa fidia? Wapi! Mei 30, 1431 akachomwa moto Rouen, mahakama ya kanisa imeshamwita mzushi wa dini. Hukumu ikafutwa 1456. Utakatifu akapewa 1920, karibu miaka 500 baadaye.

Mimi naona hivi: anayekula matunda ya ujasiri wa msichana ana deni lake. Ukimsifu Jeanne bila kumtaja mfalme aliyenyamaza, basi na wewe unamsaidia mfalme kujificha.