Tozo ya Nishati Ikipanda Mlima

Ukinunua umeme wa LUKU wa shilingi 10,000 pale Soni, kwenye milima ya Usambara, hata kabla ya kodi ya jengo kukatwa, umeme wenyewe ni wa shilingi 8,197 hivi. Zinazobaki huhesabiwa juu ya bei hiyo ya umeme: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati. Fundi simu, mchomeleaji, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, wote hukatwa vivyo hivyo.

Hapo ndipo usawa unapoishia. Sheria ya VAT inawataka mawakili, wahasibu na wahandisi washauri wajisajili hata kama mauzo yao ni madogo. Aliyesajiliwa huitoa VAT ya umeme wa ofisi yake kwenye kodi anayodaiwa, kwa hiyo ile asilimia 22 kwake inabaki 4. Fundi wa Soni hafikii mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, hajasajiliwa, na anaibeba yote 22. Tozo ni ileile, lakini mwenye kipato kidogo ndiye anayeumia zaidi.

Kwenye mafuta, jiografia nayo inaongeza mzigo. Mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi mikubwa ya taifa. Fedha hizo hutozwa kwa lita, si kwa kilomita. Kutoka Mombo, karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, hadi Lushoto, karibu mita 1,400, gari linapanda kwa gia ndogo kona baada ya kona. Mpima ardhi au bwana mifugo anayetoka Soni kwenda Bumbuli kwa pikipiki anachoma mafuta mengi kuliko mwenzake wa tambarare kwa mwendo uleule, na mvua zikikolea, barabara aliyoichangia ndiyo inayomkwamisha.

Siipingi tozo. Wakala wa Nishati Vijijini ndio uliowezesha mwanakijiji kuvutiwa umeme kwa shilingi 27,000, na nyumba nyingi za Usambara zisingeona taa bila tozo hiyo. Ninachotaka ni hesabu. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2011, unazitaka nchi wanachama zieleze kodi ya nishati imelipwa na nani: kaya, viwanda, wasafirishaji, hata kundi la wanasheria, wahandisi na watafiti. Sisi kila mwezi EWURA inatutangazia bei kikomo za mafuta. Bei hizo hazituambii mafundi na wataalamu wa milimani wamechangia kiasi gani.

Muswada wa Fedha ukifika bungeni mwezi Juni, wabunge wa Lushoto, Bumbuli na Mlalo waidai hesabu hiyo, wilaya kwa wilaya, kazi kwa kazi, na kando yake ziandikwe fedha za TARURA zilizopanda huku milimani.