Mahujaji Wasiofika Canterbury

Wapo vijana wenzetu wanaoamini kwamba mtu hawi mwandishi mpaka akanyage Ulaya. Muulize mmoja wao riwaya yake imefika wapi, atakwambia anangoja kwanza "akaone dunia". Na dunia yenyewe ni London, halafu siku moja ya kupanda treni kwenda mji kama Canterbury, apige picha, arudi. Mchapishaji mmoja naye aliniambia mimi uso kwa uso kwamba mswada wangu utauzika nikiutia "mandhari ya Ulaya" kidogo. Jamani! Hebu basi twende huko huko Canterbury tukaone.

Mgeni wa siku moja huondoka stesheni ya St Pancras, London, na kwa treni ya haraka hutumia kama saa moja tu. Anapita lango la kale la Westgate, anapanda mashua inayosukumwa kwa upondo katika mto Stour, anakata tiketi ya kuingia kanisa kuu. Jioni yuko London. Sina ugomvi naye. Hela ni zake, likizo ni yake. Ninachouliza ni kimoja: ameona nini?

Ndani ya kanisa anaonyeshwa mahali alipouawa Askofu Mkuu Thomas Becket, tarehe 29 Desemba 1170, na wapiganaji wanne wa Mfalme Henry wa Pili. Kisha anapelekwa mahali palipokuwa na kaburi lake, lile lililovuta mahujaji kwa karne nyingi. Kaburi halipo! Lilivunjwa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane. Iliyobaki ni sakafu tupu na mshumaa mmoja unaowaka. Watu wanavuka bahari kuja kutazama sakafu! Bila mtu wa kuwasimulia, wangeipita tu kama sakafu nyingine. Kinachowaleta pale ni hadithi, bwana.

Na mwenye hadithi kubwa ya njia ile ni Geoffrey Chaucer. Huyu hakuwa bwana wa kukaa akingoja dunia imfuate. Kwa miaka kadhaa alikuwa mdhibiti wa ushuru wa forodha katika bandari ya London, kazi ya madaftari na mizigo ya sufu. Wakati ule wakubwa walikienzi Kifaransa na wasomi walikienzi Kilatini. Yeye akaandika Kiingereza, lugha ya sokoni. Akawakusanya mahujaji kama 30 katika nyumba ya wageni huko Southwark: msaga nafaka, mpishi, baharia, mtawa, mama wa Bath aliyeolewa mara tano. Wakapeana zamu za kusimulia, mshindi akaahidiwa mlo wa bure.

Sasa sikilizeni. Mahujaji hao hawafiki! Chaucer alifariki mwaka 1400 kitabu hakijaisha, na katika kurasa alizotuachia hakuna anayeingia ndani ya kanisa lile. Safari mashuhuri kuliko zote ya kwenda Canterbury haina Canterbury ndani yake. Ina watu wanaobishana, wanaodanganyana na kuchekana njiani, basi. Miaka zaidi ya 600 imepita na bado inasomwa.

Najua mtanijibu: "Mbona Abdulrazak Gurnah aliishi huko huko Canterbury?" Kweli, lakini hakwenda kutembezwa. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza kama mtu asiye kwao, akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, pale pale Canterbury. Aliona mengi ya huko na mengine aliyaandika. Lakini kitabu chake cha mwaka 1994, ambacho tangu 2022 tunakisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kinamfuata Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa mfanyabiashara kulipia deni la baba yake. Ni pwani yetu na bara yetu. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo mwenye nauli na aende, atuletee na picha. Lakini asituambie kwamba tiketi ya kwenda na kurudi ni shule ya uandishi, wala mchapishaji asitutake tupachike theluji katika riwaya za watu wa Temeke. Mimi nimeishia kidato cha nne, na niko sura ya sita. Wahusika wangu wanavuka kwa kivuko kwenda Kigamboni, na mmoja wao ameolewa mara tatu na anapenda kusema. Bado sijajua kama watafika. Nawasikiliza kwanza. Wewe mwenzangu unayengoja viza, wako wanasema nini?