Zimamoto Kwanza, Ndege Baadaye

Kwetu sisi wa visiwani ndege si anasa, ni daraja. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zetu wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Mwezi Mei 2024, mafuriko ya wakati wa kimbunga Hidaya yalipoikata barabara iendayo Dar es Salaam, thamani ya kiwanja cha ndege ilidhihirika. Tunaunga mkono kila juhudi ya kuimarisha usafiri wa anga huko. Lakini gari la zimamoto litangulie ndege.

Ndege inapokimbia ili iruke huwa imejaa mafuta, na kosa dogo laweza kuwa msiba. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege aina ya VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya Tanzania, Kenya na Uganda, ilikuwa ikiondoka Addis Ababa. Tairi la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, likapasuka. Rubani alipofunga breki hazikushika barabara, kwani zilikuwa zimeunganishwa vibaya. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 43 kati ya 107 walikufa.

Huko Manchester, Uingereza, tarehe 22 Agosti 1985, injini ya Boeing 737 ilipasuka wakati wa kuruka na kipande chake kikatoboa tangi la mafuta. Ndege ilisimama, na zimamoto wa kiwanja walifika upesi. Hata hivyo watu 55 kati ya 137 walikufa, wengi wao kwa moshi. Ikiwa hayo yalitokea penye vifaa, itakuwaje pasipo na vifaa?

Bukoba imekwisha kutuonya. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria na kuua watu 19, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tunawapongeza, lakini ushujaa wa raia haushiki nafasi ya maandalizi ya serikali.

Nachingwea yaijua gharama ya pupa. Mpango wa Karanga wa mwaka 1947 ulianzishwa kabla ya ardhi kuchunguzwa vya kutosha, ukaanguka, na hata reli yake ikang'olewa.

Tunawataka wakuu wanaohusika wahakikishe kwamba njia ya ndege inakaguliwa kabla ya kila safari, na kwamba zimamoto wana gari, maji, povu na mazoezi ya mara kwa mara. Sherehe ya uzinduzi yaweza kungoja. Moto haungoji.