Muuza Nyama Naye Ana Moyo

Wako wenzetu katika Chama ambao wakisikia habari za michezo ya televisheni ya Marekani husema mara moja kwamba huo ni upuuzi wa mabepari, na mfanyakazi hapaswi kuupotezea usiku wake. Kwa sehemu kubwa ya mambo yaletwayo siku hizi twakubaliana nao. Lakini ilikuwako miaka michache, tangu kwisha kwa vita vya pili mpaka karibu na 1960, ambapo huko ilionyeshwa michezo ya namna nyingine, nasi twaona ni haki ielezwe katika gazeti hili la watu wanaoishi kwa jasho lao.

Michezo hiyo haikuwa na watu wale wale kila siku. Kila juma ilikuja hadithi mpya na wachezaji wapya, ikaanza na kwisha usiku ule ule. Mingi ilichezwa papo hapo mbele ya kamera. Mchezaji akikosea neno, nchi nzima imesikia. Vyumba vya kuchezea vilikuwa vidogo na fedha haba, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya majeshi wala majumba ya wafalme. Kamera ilikaa karibu na uso wa mtu. Pengine ufinyu huo ndio uliowageuza waandishi wakatazama jikoni, buchani, na katika vyumba vya kupanga.

Tarehe 24 Mei, 1953, ulionyeshwa mchezo uitwao "Marty," kazi ya Paddy Chayefsky, mzaliwa wa mtaa wa Bronx katika New York. Marty, aliyechezwa na Rod Steiger, ni muuza nyama. Ni mnene, si mzuri wa sura, umri umekwenda, na kila mwanamke ajaye kununua nyama humwuliza kwa nini hajaoa, naye huona haya. Yuajua kwamba wanawake hawamtaki. Jumamosi moja mama yake amsihi aende dansini. Huko mtu mmoja asiyemjua amtolea dola tano amchukue msichana aliyekuja naye, kwa kuwa yeye amemwona hana sura. Marty akataa fedha hizo. Kisha amwona yule msichana, ambaye ni mwalimu, akilia peke yake, amwendea. Wazungumza usiku kucha. Kesho yake rafiki zake wamcheka, na mama yake, mjane aogopaye kuachwa pekee, amtia kasoro yule binti. Hadithi yote ni kwamba je, Marty atampigia simu au hatampigia.

Yasemwa kwamba wazo lilimjia Chayefsky ukumbini walikokuwa wakifanyia mazoezi, ambamo usiku lilichezwa dansi la watu wapweke. Aliona tangazo lililowaomba wasichana wacheze na yeyote awaombaye, kwa sababu wanaume nao wana hisia. Wengine wangelicheka tu. Mwaka 1955 hadithi hiyo ilitiwa katika filamu, ikapata tuzo ya kwanza huko Marekani na huko Cannes, Ufaransa.

Rod Serling naye, aliyekuwa askari wa miavuli na bondia jeshini, aliandika "Requiem for a Heavyweight," ulioonyeshwa tarehe 11 Oktoba, 1956. Humo bondia mzee wa ngumi, aliyechezwa na Jack Palance, aambiwa na daktari kwamba akipigana tena atapofuka. Hana elimu wala kazi nyingine. Meneja wake, aliyejitia katika deni kwa kuweka dau dhidi ya mtu wake mwenyewe, ataka kumvika mavazi ya kichekesho acheze mieleka ya uongo mbele ya watu. Yule aliyejitolea mwili wake kwa miaka kumi na minne sasa atakiwa auze na haya yake. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kuona mwenziwe ameumizwa na mashine, kisha akapewa ufagio na kuitwa babu, ataelewa mchezo huo bila mkalimani.

Hata hivyo tusizidishe sifa. Michezo hiyo ililipiwa na wenye viwanda ili watangaze bidhaa zao, na huruma yao ilikuwa na mpaka. Agosti 1955 mtoto mweusi wa miaka 14, Emmett Till wa Chicago, aliuawa huko Mississippi, na wazungu wawili walioshtakiwa wakaachiliwa na baraza la wazungu watupu. Serling alitaka kuandika juu ya jambo hilo. Mchezo wake, "Noon on Doomsday," ulipoonyeshwa mwaka 1956 chini ya fedha za kampuni ya chuma, marehemu alikuwa amegeuzwa mgeni asiyejulikana atokako, na mji umehamishiwa kaskazini. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa, eti zisiwakumbushe watu majimbo ya kusini! Muuza nyama mweupe aliruhusiwa kuwa na moyo. Mtoto mweusi hakuruhusiwa hata kuwa maiti. Ni kweli kwamba mwaka 1955 Sidney Poitier alicheza kuli wa bandarini katika "A Man Is Ten Feet Tall," mtu hodari amteteaye mwenziwe mweupe. Lakini nafasi ya namna hiyo ilikuwa adimu.

Mtu atatuuliza, huruma ya kwenye kioo yampatia kabwela nini? Haimwongezei mshahara, twakubali.  Lakini mlinzi wa usiku ambaye hakuna anayemtambua kuwa mtu, hata madai yake ya mshahara yakifika mezani yataonekana kuwa ni kelele.

Na hapa twageukia nyumbani. Katika vichekesho vyetu vya redio na televisheni, mlinzi huletwa akoromee langoni. Mtumishi wa nyumbani huletwa aibe sukari au amnyang'anye mama mume wake. Mtu wa shamba huletwa ashangae magari. Twacheka, na wenye kucheka zaidi ni sisi tuliozaliwa na watu hao hao. Hapa hakuna kampuni ya chuma iliyotuzuia.

Twawaomba waandishi wetu wa michezo waanze na dada wa kazi: aamka saa ngapi, alala wapi, barua ya kwao asomewa na nani. Na matawi yenye televisheni na waya wa intaneti yatafute "Marty" ile ya 1953, kwani picha yake ilihifadhiwa. Yachukua muda usiotimia saa moja. Awepo mtu wa kuwafasiria wasiojua Kiingereza, na walinzi wa jengo waitwe ndani nao wakae.